Kioo cha Juu ya Shimo

Wifi yangu hakuhitaji kalenda. Asubuhi alikuwa akipanda kwenye kile chumba chake cha juu, akivuta pumzi moja tu, anakwambia malori ya leo yametoka upande gani wa jiji. Maganda yaliyooza na vichwa vya samaki, hiyo ni sokoni. Nepi na wali uliochacha, hizo ni nyumba za wapangaji. Maua yaliyonyauka na chakula ambacho hakikuguswa, huko ni kwa wakubwa. "Wote wananuka, wifi," alikuwa akiniambia, "ila wakubwa wananuka kwa kuchelewa, kwa sababu wana friji."

Yeye ni mdogo wa mume wangu, tumbo moja. Alikuwa dereva wa kreni katika kiwanda cha jiji cha kuchomea taka, na mimi ni mpishi wa kantini hapohapo. Yeye ndiye aliyeniombea hiyo kazi. Watu wa kiwandani walimwita Kucha, kwa ajili ya mkono wa chuma wenye kucha sita aliokuwa akiuendesha. Jina alilopewa na wazazi wake nadhani wengi hawakulijua kabisa.

Nataka kuandika habari zake kama zilivyokuwa, bila kutia chumvi. Anayesoma huku anakula, amalize kwanza kula.

Malori yanarudi kinyumenyume mpaka kwenye milango mikubwa ya chuma, yanainua migongo, yanamwaga shimoni. Shimo lile, nyumba ya ghorofa nne inaingia na paa lake. Ndani yake mna kila kitu ambacho mwanadamu amekikana: magodoro yaliyokojolewa, nywele za saluni, matumbo ya kuku, mbwa aliyekufa akiwa bado na mnyororo shingoni. Mabuu yanapanda ukutani, ukiyatazama kwa mbali utadhani ni mchele unaotembea. Na chini kabisa yanakusanyika maji meusi, mazito, yanayochuruzika kutoka kwenye taka. Wafanyakazi waliyaita supu. Mimi mpishi niliwakemea mpaka nikachoka.

"Mama Kantini, leo supu ya wapi, ya kwako au ya kule?" wanauliza, na vijiko wameshika mkononi.

Harufu ile haiishii puani. Inalala kwenye nywele, inaingia kwenye mshono wa nguo, inakufuata mpaka kwenye mto wa kulalia. Kwenye nyumba ya ibada, wifi yangu akikaa benchi la mbele, watu wanakumbuka ghafla kwamba wanapenda kukaa nyuma. Na Mungu anisamehe, mimi sikuwa bora kuliko wao. Miaka ya mwanzo, kabla sijaajiriwa pale, nilimtengea kikombe chake nyumbani kwangu, cha bluu, nikakiosha peke yake kwa maji ya moto. Nilidhani hajui. Siku moja akakishika, akakigeuzageuza, akasema, "Wifi, hiki ndicho changu, sivyo? Kizuri. Hata mbwa ana bakuli lake." Akacheka mpaka akajipiga mapaja, mimi machozi yananitoka. Kikombe kile nilikivunja siku ileile.

Pale kiwandani alianza na ufagio. Mumewe alikuwa ameondoka na kumwachia binti anayetambaa, naye akaingia kufagia sakafu ya malori. Dereva wa kreni wa wakati ule alikuwa mzee mpenda usingizi. Akishakula cha mchana, macho yanamzidi nguvu. Akamfundisha Kucha vishikio ili yeye alale. Wanaume waliposikia kwamba mwanamke anaendesha kreni, wakatupa kiti cha plastiki katikati ya shimo, wakamwambia, "Kama ni kweli, tuletee kiti tukae." Akakiokota kwa zile kucha sita, kila moja kubwa kuliko mtu, akakileta juu, akakisimamisha sakafuni mbele yao kwa miguu yake yote minne. Akafungua dirisha dogo la chumba akapiga kelele, "Haya, kaeni!" Hakuna aliyekaa. Kiti kilikuwa kinadondosha supu.

Na kazi yenyewe si kuinua na kutupa, kama wengi wanavyofikiri. Ukilisha tanuru taka mbichi tupu, moto unazimika na bomba linatoa moshi mweusi mchana kutwa. Ukilisha kavu tupu, moto unapandwa na wazimu. Kwa hiyo dereva anachota mbichi, anainua juu sana, anafungua kucha kidogokidogo, taka zinamwagika kama mvua juu ya zile kavu. Anachota tena, anageuza, za chini anazileta juu. Zisipogeuzwa zinajipika zenyewe. Aliyewahi kutia mkono kwenye lundo la samadi lililokaa wiki mbili ananielewa. Mimi alinieleza hivi: "Wewe unakanda unga, nami nakanda jiji. Ukiacha donge, wifi, donge litakuumbua."

Alikanda jiji hilo miaka kumi na tisa.

Sasa nifike kwenye kioo. Chumba chake kilikuwa kinaning'inia juu ya shimo kama kiota, na ndani yake kiti kimoja, vishikio viwili, simu ya upepo, na mbele kioo kimoja kikubwa kilicholala kidogo ili aone chini. Kioo hicho ndicho kilichotenganisha pumzi yake na pumzi ya shimo. Siku moja mtungi wa gesi uliofichwa kwenye taka ulilipuka, chuma kikaruka, kikavunja pembe ya chini ya kioo, na mpira wa pembeni ukaachia. Tundu lenyewe lingepitisha kichwa cha mtoto. Wakaliziba kwa matambara na mkanda mpana wa plastiki. Ni kwa muda tu, walisema.

Muda huo ulikuwa miaka mitatu. Matambara yalilowa, yakaota ukungu, yakawa yanatembelewa na mabuu. Kila kucha zikizama kwenye taka, hewa ya chini inasukumwa juu, inapita palepale penye tundu na kumpiga usoni. Akaanza kukohoa. Kwanza kikohozi cha asubuhi, kisha cha kutwa, kisha kile cha kumfanya ashike ukuta. Dereva mwenzake wa zamu ya pili alikohoa mpaka akarudishwa kwao, zamu ikafutwa, na wifi yangu akabaki peke yake anayejua vishikio vile. Daktari alimpiga picha ya kifua akamwambia waziwazi: mapafu yameanza kukakamaa, mwaka mmoja zaidi wa hewa ile, hutapanda hata ngazi tatu za nyumbani kwako.

"Basi acha kazi," mume wangu alimwambia.

"Niache nikafanye nini, kaka? Nikasuke mikeka? Kreni ninaijua. Nataka kioo tu. Kioo!"

Meneja wetu tulimwita Manukato, kwa kuwa hakukanyaga upande wa shimo bila leso iliyoloweshwa mafuta ya kunukia. Barua tatu alipelekewa. Ya pili niliiandika mimi kwa mkono wangu, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka ingawa niliishia darasa la saba. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Suala lako linafanyiwa kazi." Na siku alipokutana na wifi yangu uwanjani akamshauri, "Kunywa maziwa, mama. Maziwa yanasafisha kifua." Mimi nilikuwa karibu, kwenye sinki la nje. Nilisikia maneno yale yananipanda kooni kama kitu kilichochacha.

Ndipo tukaambiwa wakaguzi wanakuja. Wifi yangu akafurahi kama mtu aliyeitwa harusini. "Hawa watapanda juu," akaniambia, "maana kila mgeni anataka kuona mkono wa chuma. Wakipanda, watakiona kioo. Sitasema neno. Pua zao zitasema."

Lakini Manukato naye alikuwa na mipango yake. Mvua zilikuwa zimenyesha majuma matatu, taka zote zimelowa chapachapa, moto unakohoa kuliko wifi yangu. Siku kumi kabla ya ugeni akatoa amri: taka mbichi zote zisukumwe kona ya mbali, zirundikwe hapo, na zisiguswe. Akaagiza malori yalete maboksi makavu kutoka madukani. Nusu ya maboksi yakatandazwa juu ya lile lundo ili lisionekane, nusu yakawekwa akiba ya kuchomwa siku ya wageni, moshi utoke mweupe kama pamba.

Wifi yangu alimfuata mpaka mlangoni pa ofisi. Nilikuwa ninapeleka chai, nikawasikia.

"Bosi, lile lundo lisipogeuzwa litajipika."

"Siku kumi tu, mama."

"Na siku kumi zinatosha. Mbichi chini, kavu juu, hiyo si kufunika, hiyo ni kuwasha jiko."

"Wewe kazi yako ni kulisha. Kufikiri kuna watu wake."

Akatoka. Alipofika kantini akakaa chini kwa uzito. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema, na hakucheka.

Kwa hiyo lundo likakaa. Siku ya nne nzi walihamia wote kona ile. Siku ya sita ukutani kukatoka jasho. Siku ya nane nilipopanda kumpelekea uji niliona maboksi ya juu yamevimba na kubadilika rangi, na katikati yake kijishimo kinafuka mvuke mwembamba, mtamu mtamu, harufu ya matunda yaliyooza pamoja na nyama. Nilishika reli nikatapika chini, shimoni, Mungu anisamehe, kana kwamba hapakuwa na uchafu wa kutosha.

Na siku moja kabla ya ugeni, Manukato akamleta fundi wa kupaka rangi. Yule bwana akapaka matambara na mkanda rangi ya kijivu, ileile ya fremu, vizuri kabisa, hata viungo havikuonekana. Mabuu yaliyokuwa juu ya mkanda akayapaka pamoja. Yaligandia pale kama vipele. Kisha chumba kikapuliziwa dawa ya maua, mikebe miwili mizima. Wifi yangu alikohoa mpaka pua ikatoka damu.

Wageni walifika saa tatu asubuhi, watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mfupi mwenye miwani na viatu safi. Walipokuwa wakinywa chai kantini kwangu, bomba la moshi lilikuwa linatoa moshi mweupe, na Manukato akaliangalia kwa mapenzi kama mzazi anayemwangalia mwanawe akisoma mbele ya watu. Kisha wakapanda. Mimi nikawafuata nyuma na jagi la maji na vikombe, kama nilivyoagizwa.

Chumbani tulijibana watu sita. Dawa ya maua ilikuwa bado nzito. Mkaguzi akatazama huku na huku, akatazama kioo, akapitisha macho palepale penye rangi, na macho yakapita. Nilimwona wifi yangu akiyafuata macho yale mpaka yalipoondoka. Mabega yakamshuka.

"Waonyeshe wageni, mama," Manukato akasema kwa sauti tamu.

Akachota maboksi ya akiba, akainua, akalisha mdomo wa tanuru. Wageni wakasema ahaa.

"Na kule konani?" mama mfupi akauliza.

"Kule ni akiba, mheshimiwa. Kavu pia."

"Ningependa kuona mkono unavyochota kutoka mbali. Achote na kule."

Manukato akacheka kidogo. "Si lazima, mheshimiwa, ni yaleyale."

"Kama ni yaleyale, basi achote."

Wifi yangu akageuka akamtazama meneja wake. Alisubiri, kabisa, mpaka meneja mwenyewe akatikisa kichwa kukubali, maana angefanyaje? Akasukuma vishikio. Mkono ukaenda kona ya mbali, ukashuka, kucha sita zikazama kwenye maboksi kama kwenye uji. Akafumba. Akainua.

Kwanza ulikuja mvuke. Ukafuata moshi wa manjano, mzito, unaopanda polepole kama una mawazo. Halafu hewa ikaingia kwenye pengo ambalo kucha ziliacha katika lundo, na ndani yake tukaona wekundu, na maboksi yakashika moto yote kwa pamoja, fuuu, kama kitambaa kilichomwagiwa mafuta ya taa.

Harufu iligonga kioo, ikatafuta njia, ikaipata. Rangi ya kijivu ikapasuka. Mkanda ukafunguka kwa joto, matambara yakadondoka ndani miguuni petu pamoja na yale mabuu yaliyopakwa rangi, na pumzi ya shimo ikaingia chumbani yote. Sina maneno ya kuielezea. Ilikuwa na uzito, ilikuwa na ladha. Mkaguzi mmoja alifungua jalada lake la karatasi akatapika ndani, akalifunga, akabaki amelikumbatia. Wa pili akawa anasukuma mlango unaofunguka kwa kuvuta. Manukato alikuwa wa kwanza kutoka. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi, kisha nikasikia mwili wake ukishuka bila viatu.

"Wifi, tutoke!" nikamwambia.

"Nikitoka, shimo lote linashika. Litawaka wiki nzima. Mtaa wako wote utavuta hii." Akachukua simu ya upepo akamwita fundi wa tanuru, yule tuliyemwita Baba Joto. "Baba Joto, nakuletea chakula kimeshaiva. Punguza hewa, fungua mdomo."

"Dada, unasema nini?"

"Nasema fungua mdomo!"

Njia ilikuwa hiyo moja tu: kuchota zile zinazowaka, moja moja, na kuzitia tanuruni kabla hazijaambukiza nyingine. Niliangalia mlango. Nasema kweli tupu, niliangalia mlango na mguu wangu mmoja ulishatoka. Kisha nikavua aproni, nikailowesha kwa maji ya jagi, nikapasua kipande chake nikamfunga wifi yangu mdomoni na puani. Aproni yenyewe nikaikunja, nikapiga magoti juu ya yale mabuu, nikaibana kwenye tundu kwa mikono miwili. Nikasali kwa sauti. Kila kucha zilipozama, hewa ya moto ilisukuma viganja vyangu kama mnyama anayetaka kuingia. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Watu wa chini walileta mipira ya maji. Mkono ukaenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi, na wifi yangu alikuwa anatazama kupitia moshi, jicho moja amelifumba, anachota kile kinachowaka bila kumwaga hata cheche.

Moto ulipokwisha, alishuka ngazi amekaa, ngazi moja baada ya nyingine, kama mtoto. Alitema kitu cheusi kwenye leso, tukakitazama wote wawili.

Juma lililofuata tuliitwa uwanjani kusomewa ripoti. Manukato aliisoma mwenyewe, bandeji kwenye paji la uso. Moshi wa bomba: mzuri. Usafi: unaridhisha. Hitilafu ndogo ya moto ilidhibitiwa haraka na uongozi. Na mwisho kabisa, mstari mmoja: kioo cha chumba cha kreni kifanyiwe kazi muda utakaporuhusu. Halafu tukaambiwa tupige makofi. Watu walipiga! Nilitazama mikono yao ikipiga, nikatamani kuiosha.

Yule mama mwenye viatu safi, nilisema moyoni, alikuwepo. Alitapika kwenye ngazi, nimepafuta mimi.

Kesho yake asubuhi wifi yangu alifika kama kawaida, akatia sahihi daftari la mahudhurio, akavaa kofia yake, akaja kantini, akakaa. Akaagiza chai.

Lori la kwanza likamwaga. La pili, la kumi. Milango ya shimo ikaanza kuziba, kwa kuwa taka zinapomwagwa mlangoni ni mkono unaozisukuma ndani. Baba Joto akaja mbio kwamba moto unakufa. Kisha akaja Manukato na leso yake.

"Mama, mbona hujapanda?"

"Nasubiri muda uruhusu."

"Huu ni mgomo!"

"Mgomo ni wa watu wengi, bosi. Mimi niko peke yangu, nakunywa chai. Hata ukitaka nakunywa maziwa."

"Nitamweka mtu mwingine."

"Mweke. Vishikio viwili tu, cha kushoto na cha kulia."

Akamweka dereva wa lori. Yule bwana alipiga mkono ukutani mara mbili, akanasisha kamba za kreni, akashuka, akasema heri kuendesha lori bila breki. Hakuna mwingine aliyetaka.

Kufika saa nane malori yalipanga foleni kutoka getini mpaka barabara kuu. Ya asubuhi yalikuwa yanachuruzika. Supu ikatiririka pembeni mwa lami, ikapita mbele ya maduka, ikafika kwenye jengo la ofisi za jiji, ikatuama palepale wanapoegesha magari yao wakubwa. Siku ya pili jua likawaka. Wenye maduka wakafunga. Mtu mmoja alikuja kantini kutuambia kwamba ofisini kwa wakubwa wamefunga madirisha, lakini wamejifungia na harufu ndani. Wifi yangu alisikiliza tu. Alikuwa amekaa siku mbili bila kuvuta hewa ya shimo, na bado kila neno la tatu lilikatwa na kikohozi. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, nafanya dhambi?"

Nikamwambia, "Uhai tumepewa amana. Wewe kaa unywe chai."

Saa nne asubuhi ya siku ya tatu simu ya Manukato ililia, tukamwona kupitia dirishani akisimama wima kuizungumzia. Nusu saa haikupita mafundi wawili wakapita mbele ya kantini wamebeba kioo kikubwa kimefungwa kwa mbao, na mpira mpya umeviringishwa begani. Walikuwa wanatoka stoo.

Si dukani. Si lorini. Stoo, hapohapo, nyuma ya jiko langu.

Wifi yangu akainuka akawasimamisha. "Hiki kimekuja lini?"

Mtunza stoo, aliyekuwa anawafuata na funguo, akajikuna kichwa. "Hiki, mama? Hiki kipo siku nyingi. Kiliagizwa mwezi uleule mtungi ulipolipuka."

"Miaka mitatu?"

"Kilikosa siku ya kufungwa. Kukifunga lazima kreni isimame nusu siku, na hakuna aliyetaka kuandika kwenye taarifa kwamba moto umesimama."

Wifi yangu akapitisha kidole juu ya kioo. Vumbi lilikuwa limeganda kama ngozi. Akakitazama kidole. Akazunguka nyuma ya kantini, nami nikamfuata, nikamkuta ameinama ameshika ukuta, anatapika. Miaka kumi na tisa ya mbwa waliooza na magodoro na supu, sikuwahi hata siku moja kumwona akitapika. Alitapika mpaka ikabaki nyongo. Nilimshika paji la uso kama tunavyowashika watoto.

"Uchafu, wifi," akasema alipopata pumzi. "Uchafu ni huu."

Mafundi walimaliza kabla ya adhana ya mchana. Saa mbili hazikutimia. Akasukutua, akanawa uso, akavaa kofia yake, akaenda kwenye ngazi. Alipanda kwa kupumzika mara nne, na zamani alikuwa akizipanda akiimba. Mimi nilibaki chini kuhesabu mapumziko hayo, mpaka mkono wa chuma ulipoanza kusogea na malori ya kwanza yakaanza kuingia.